Gesi Irudiyo Nyuma: Gobore, Risasi za Kujazwa kwa Mkono na Usalama wa Jicho

Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa nini bunduki huweza kumdhuru mpigaji mwenyewe, hasa jicho lake, hata pale ambapo mtutu haukupasuka. Jibu linapatikana katika kanuni za kanieneo zinazofundishwa katika shule za sekondari. Somo hili lina uzito wa pekee katika nyanda za juu za Ufipa. Kutoka Mazwi, mjini Sumbawanga, hadi Nkasi na bonde la Ziwa Rukwa, gobore ni chombo kinachofahamika, na uso wa mtu anayelipiga huwa karibu sana na mahali baruti inapowaka.

Gobore lilivyodumu

Katika karne ya 19 misafara ya biashara iliyofika mwambao wa Ziwa Tanganyika ilileta bunduki zinazojazwa kwa mdomo wa mtutu. Nyingine zilikuwa gumegume, zinazowashwa kwa cheche za jiwe. Nyingine zilitumia fataki, kidonge kidogo kinacholipuka kikigongwa. Msingi wa fataki uliwekwa na kasisi wa Uskochi, Alexander Forsyth, aliyepata hataza ya uvumbuzi wake mwaka 1807.

Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba uliozuia bunduki za kisasa kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika. Mkataba huo uliruhusu, kwa masharti, bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu. Hii ni sababu mojawapo iliyofanya aina hizi za kale ziendelee kutumika wakati kwingineko zimekwisha kuachwa.

Wafipa walikuwa mafundi mashuhuri wa chuma. Tanuri zao ndefu za udongo, malungu, zilivuta hewa zenyewe bila mivuo. Chuma kilichopatikana kilikuwa na vipande vya taka ya mawe ndani yake, hivyo kilifuliwa tena na tena ili kusafishwa. Chuma hicho kilitosha kwa jembe, shoka na mkuki. Mtutu wa bunduki, hata hivyo, hudai kitu kingine: chuma chenye nguvu iliyo sawa kila mahali. Bomba la maji, ambalo hutumiwa na baadhi ya watengenezaji wa magobore ya siri, lilikusudiwa kuhimili kanieneo ndogo mno.

Baruti inapowaka

Baruti nyeusi ikiwaka, kiasi cha asilimia 44 ya masi yake hugeuka kuwa gesi. Sehemu iliyobaki huwa chembe yabisi, ambazo ndizo moshi na masizi. Baruti ya kisasa isiyo na moshi hugeuka karibu yote kuwa gesi. Halijoto hufikia kiasi cha nyuzi 2,000 za Selsiasi au zaidi. Gesi nyingi yenye joto kali, ikifungiwa katika nafasi ndogo, huleta kanieneo kubwa.

Ukubwa wake unaweza kulinganishwa na hewa ya kawaida. Kanieneo ya hewa usawa wa bahari ni kiasi cha kilopaskali 100; Sumbawanga, mji ulio juu zaidi ya mita 1,700, ni kiasi cha kilopaskali 82. Katika risasi ya .30-30, inayotumiwa sana katika bunduki za wenzo, kanieneo ya juu inayokubaliwa ni karibu megapaskali 290. Hiyo ni takriban mara 2,900 ya kanieneo ya hewa ya pwani.

Mwanafunzi atakumbuka kwamba gesi husukuma pande zote kwa usawa. Haijui mbele wala nyuma. Husukuma risasi kuelekea mdomo wa mtutu, husukuma kuta, na husukuma nyuma kuelekea kwa mpigaji. Ikipata upenyo wowote, itapita humo.

Ganda kama kizibo

Katika bunduki zinazojazwa nyuma, kinga ya kwanza ya mpigaji ni ganda la risasi. Ganda hutengenezwa kwa aloi ya shaba na zinki, ambayo hunyumbuka. Baruti ikiwaka, kuta za ganda hutanuka na kubana chemba pande zote, na gesi hukosa njia ya kurudi. Kanieneo ikishuka, ganda hunywea kidogo na kutolewa kwa urahisi.

Kwa hiyo usalama wa jicho hutegemea mambo yanayoamuliwa wakati risasi inapojazwa. Watu wanaozijaza upya kwa mkono huweza kukosea kwa namna tatu.

Kwanza, baruti ikizidi, kanieneo hupita uwezo wa ganda. Kitako cha ganda huweza kupasuka, au fataki ikatobolewa na pini inayoigonga. Gesi hupita katika tundu hilo na kufuata njia ya pini hadi nyuma ya bunduki.

Pili, baruti ikipungua mno, ganda halitanuki vya kutosha. Gesi hupita kati ya ganda na chemba, na ganda hutoka limejaa masizi upande wa nje. Watu wengi hudhani kwamba kupunguza baruti daima huongeza usalama. Dhana hiyo si sahihi. Ganda lenye kuta nyembamba mbele, kama la .44-40, huziba vizuri hata kwa kanieneo ndogo, ganda la.45 Colt, ambalo kuta zake ni nene zaidi, huvujisha gesi kwa urahisi.

Tatu, ganda lililotumiwa mara nyingi hukakamaa. Waya ukikunjwa na kukunjuliwa mara kwa mara huwa mgumu, kisha hukatika. Ganda nalo hupoteza mnyumbuko wake na kupata nyufa.

Umbo la bunduki nalo lina sehemu yake. Winchester ya mwaka 1894, bunduki ya wenzo iliyobuniwa na Mmarekani John Browning, imefunguka upande wa juu, na gesi iliyovuja huweza kufuata bolti kuelekea usoni. Bunduki ya Mauser ya mwaka 1898 iliwekewa matundu ya kuelekeza gesi pembeni, pamoja na ngao ndogo nyuma ya bolti. Wabunifu wake walikubali kwamba gesi itavuja siku moja, wakaitayarishia njia iliyo mbali na jicho.

Gobore halina ganda kabisa. Tundu la kuwashia limo wazi, na kinachozuia gesi ni fataki na nyundo iliyoifunika. Kila mlio hulimega tundu hilo kidogo. Likipanuka, au nyundo ikilegea, gesi hurudi pamoja na vipande vya fataki.

Hesabu ya kani na muda

Ichukuliwe kwamba fataki imetobolewa tundu lenye kipenyo cha milimita 1. Eneo lake ni milimita za mraba 0.785. Kanieneo ikiwa megapaskali 290:

Kani = kanieneo × eneo = 290 × 0.785 = takriban nyutoni 228.

Hiyo ni kama uzito wa mzigo wa kilo 23, yaani karibu ndoo kubwa ya maji, uliokusanywa katika nukta moja.

Ichukuliwe tena kwamba jicho liko sentimita 20 kutoka kwenye tundu, na gesi inakwenda mita 200 kwa sekunde. Muda wa kufika ni 0.2 ÷ 200 = sekunde 0.001. Kope huhitaji takriban sekunde 0.1 kufumba, yaani mara mia ya muda huo. Hakuna mtu mwepesi kiasi cha kuwahi.

Madhara na huduma ya kwanza

Gesi huunguza konea, nayo masizi huzama ndani yake. Kipande cha chuma huweza kutoboa jicho na kufika kwenye lenzi au retina. Mara chache, jicho lililotobolewa huleta uvimbe hata katika jicho lililokuwa zima.

Masizi yakiingia bila kutoboa jicho, lioshwe kwa maji safi mengi. Ikidhaniwa kwamba jicho limetobolewa, lisioshwe, lisisuguliwe wala kubanwa, na kilichochoma kisichomolewe. Lifunikwe kwa kitu kama kikombe safi kisichogusa jicho, na majeruhi apelekwe hospitali mara moja. Dawa za majani zisitiwe kamwe. Mtu anayechelewa kwa kuogopa kuulizwa habari za bunduki huweza kupoteza jicho ambalo lingeokolewa.

Kinga

Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kumiliki bunduki au kutengeneza risasi bila kibali ni kosa. Mwenye kibali atumie risasi za kiwandani zinazolingana na bunduki yake, na avae miwani ya polikabonati iliyotengenezwa kwa kinga. Miwani ya jua ya kawaida haitoshi, na ya kioo huweza kuvunjika na kuongeza majeraha. Bunduki isipolia, mtutu uendelee kuelekezwa mahali salama kwa angalau dakika mbili, mtu asichungulie. Bunduki inayotoa moshi nyuma isipigwe tena kabla ya kukaguliwa na fundi aliyeidhinishwa.

Jaribio la darasani

Kanuni hii huonekana vizuri katika pampu ya baiskeli yenye kikombe cha ngozi. Ngozi laini iliyopakwa mafuta husukumwa na hewa hadi ikabana ukuta wa pampu, kama ganda linavyobana chemba. Ngozi iliyokauka huiachia hewa irudi kuelekea mkononi. Wanafunzi wazibe tundu la pampu kwa kidole, wasukume kwa ngozi kavu, kisha kwa ngozi iliyopakwa mafuta, na walinganishe.

Maswali

1. Kwa nini ganda lenye masizi upande wa nje ni dalili kwamba gesi imevuja?
2. Tundu la gobore lina eneo la milimita za mraba 2, na kanieneo ni megapaskali 50. Kani ni nyutoni ngapi?
3. Eleza kwa nini kupunguza baruti hakumlindi mpigaji kila mara.
4. Chuma kinachofaa kwa jembe hakifai kwa mtutu. Jadili.