Dondoo muhimu: Unabonyeza @, inatokea "

Uko saiba Dagoretti Corner, unaingia kwenye tovuti ya eCitizen, na barua pepe inakataliwa. Kibodi haijaharibika. Kompyuta ya mtumba kutoka Uingereza ina @ karibu na Enter, lakini Windows ikiwekwa mpangilio wa Marekani, alama hiyo huhamia juu ya 2. Shikilia kitufe cha Windows, gusa Spesi, chagua mpangilio unaofaa. Y na Z zimebadilishana? Huo ni wa Kijerumani. Mpangilio usiouhitaji ufute kabisa kwenye mipangilio ya lugha, maana vidole vikigusa Alt na Shift pamoja, mpangilio huo unarudi. Nywila nayo haionekani ukiiandika, kwa hivyo jaribu alama zake kwanza mahali pa jina, kisha uzifute.