Fundisho: Huruma kwa Wanyama

Someni kwanza Mithali 12:10. Hapo twafundishwa ya kuwa mtu mwenye haki huuangalia uhai wa mnyama wake. Wengi hulipita neno hili upesi, wakidhani si kitu. Basi na tulitazame kwa habari ya kweli.

1. Korongo wa Mössingen. Katika nchi ya Württemberg, huko Ujerumani, alikuwako mchungaji wa Kilutheri, Christian Adam Dann. Alipokuwa akiuchunga usharika wa Mössingen, korongo mmoja aliuawa huko. Mchungaji akahuzunika, na mwaka 1822 akatoa kitabu ambamo wanyama wenyewe huwasihi wanadamu wawahurumie. Dann alifariki mwaka 1837. Mwaka huo huo mchungaji mwenzake, Albert Knapp, akaanzisha mjini Stuttgart chama cha kuwalinda wanyama, cha kwanza katika Ujerumani.

2. Kazi yao. Vyama vya namna hii vikaenea, na leo vingi vina nyumba za kuwapokea mbwa na paka waliotupwa. Humo wamo watu wafanyao kazi pasipo mshahara. Wengine hufagia vyumba na kufua matandiko, wengine huwatembeza mbwa kwa kamba. Tena iko kazi ya saburi: kukaa kimya karibu na mbwa aliyezoea kupigwa, siku kwa siku, mpaka akubali kutwaa chakula mkononi mwa mtu.

3. Shaka. Mtu atauliza, "Watu wana njaa, nasi tuwalishe mbwa?" Neno hili tusilidharau. Hatusemi ya kuwa mbwa ni sawa na mtoto. Lakini mtu ampigaye punda aliyelemewa na mzigo, ukali wake haubaki njiani. Hurudi nao nyumbani kwake. Na mkono uliojifunza upole kwa kiumbe asiyeweza kushukuru, huujua upole hata mbele ya maskini. Someni na Yona 4:11. Mungu alipoihurumia Ninawi, aliwataja watu wake, kisha akawataja na wanyama.

4. Huruma yenye akili. Mbwa asiyejulikana huweza kuwa na kichaa cha mbwa, watoto wasimshike. Aliyeumwa na aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile apate chanjo. Asingoje kuugua, maana dalili zikiisha kuonekana, ni shida sana mtu kupona. Nao mbwa wetu tuwapeleke wachanjwe. Hiyo nayo ni huruma, kwa mnyama na kwa jirani pia.

Maswali ya kuzungumza:
Mnyama wako hulala wapi, naye hunywa maji mara ngapi?
Watoto wetu hujifunza nini wakituona tukimpiga ng'ombe au punda?
Katika usharika wetu, nani atawakumbusha watu siku ya chanjo ya mbwa?