Unauza Gari la Zamani la Paa la Kukunja? Hakikisha Pesa Kwanza, Kisha Toa Ufunguo

Kuna magari ambayo hayauzwi kama mengine. Chukua mfano wa MGB, gari dogo la milango miwili na paa la kitambaa la kukunja, lililoundwa Abingdon, Uingereza, kati ya 1962 na 1980. Kenya hairuhusu kuagiza gari la zaidi ya miaka 8 kwa njia ya kawaida, kwa hivyo lile lililotunzwa vizuri humu nchini lina wateja. Linavuta matapeli pia. Leo tujifunze jinsi ya kuliuza bila kupoteza gari wala pesa.

1. Panga karatasi kabla ya kutangaza
Namba ya chesisi na namba ya injini lazima zilingane na logibuku. Magari ya umri huu mengi yamebadilishwa injini. Kama lako ni mojawapo, rekebisha rekodi NTSA mapema, la sivyo biashara itakwama siku ya mwisho. Weka pamoja risiti za fundi na picha za kazi iliyofanywa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

2. Jua mnunuzi ataangalia nini
Gari lisilo na paa la chuma linategemea sana mihimili iliyo chini ya milango. Ikiliwa na kutu, gari hulegea katikati na milango inakataa kufunga sawasawa. Mnunuzi anayejua atainama hapo kwanza, kisha akunje na kukunjua paa. Mwonyeshe kila kitu, hata kasoro. Chema chajiuza.

3. Tangaza kwa busara
Piga picha paa likiwa juu na likiwa chini. Usiweke mtandaoni picha ya logibuku, kitambulisho au PIN yako ya KRA. Wapenzi wa magari haya hukutana kwenye maonyesho ya Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, Nairobi. Huko utapata watu wanaojua bei halisi.

4. Arubuni kwa simu ni sawa
Mkikubaliana bei, mnunuzi anaweza kukutumia arubuni, tuseme KSh 50,000. Andikeni makubaliano na kutia sahihi: bei kamili, siku ya kumaliza malipo, na kama arubuni inarudishwa mtu akibadilisha nia. Arubuni inashikilia gari tu. Haitoi ufunguo.

5. Salio lipitie benki
Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Kwenye M-PESA, muamala mmoja hauwezi kuzidi KSh 250,000, na akaunti haibebi zaidi ya KSh 500,000. Salio la KSh 1,400,000 lingehitaji miamala 6 na siku 3, huku ukihamisha pesa kila siku ili akaunti isijae. Katika siku hizo tatu mnunuzi atakuomba "nipeleke gari tu, nitamalizia kesho." Usikubali. Mwambie alipe kwa RTGS, na ungoje benki yako ithibitishe kwamba pesa imeingia. Karatasi ya benki aliyokuja nayo mnunuzi si uthibitisho.

6. Hamisha umiliki siku hiyo hiyo
Pesa ikishaingia, ingia kwenye akaunti yako ya eCitizen na uanzishe uhamisho NTSA. Mnunuzi ataukubali kwenye akaunti yake. Usimwachie logibuku akamalizie mwenyewe. Sheria ya Trafiki inamtambua aliyeandikwa kwenye rekodi kuwa ndiye mwenye gari, hadi ithibitishwe vinginevyo. Gari likigonga mtu, utatafutwa wewe. Sheria hiyo pia hairuhusu gari kutumika barabarani zaidi ya siku 14 baada ya kuuzwa bila mwenye mpya kusajiliwa.

Jihadhari na mbinu hizi

Mesej feki. Ujumbe unasema umepokea pesa, lakini salio halijabadilika. Usiamini mesej peke yake. Angalia salio lako mwenyewe.

"Nimetuma nyingi kimakosa, nirudishie." Usitume pesa kutoka mfukoni mwako. Mwambie aliyetuma aombe kurudishiwa kupitia huduma kwa wateja.

Kurudisha muamala. Mtu anatuma pesa, anachukua gari, kisha anadai alikosea namba. Makubaliano yaliyotiwa sahihi ndiyo ushahidi wako kwamba pesa ni ya gari.

Anayeomba PIN. Hakuna mnunuzi, dalali wala mhudumu anayehitaji PIN yako ili akulipe.

Kumbuka mpangilio: karatasi, arubuni, salio, uhamisho, ufunguo. Mnunuzi wa kweli hataudhika ukimwambia asubiri benki ithibitishe. Anayekuharakisha ndiye wa kuogopa.