Nyama ya Mawindo Ivukapo Mpaka wa Jimbo

Katika Marekani yako maradhi ya kukondesha yawapatayo kulungu na elki, yaliyoonekana kwanza Colorado mwaka 1967. Hayana dawa. Mnyama aweza kuonekana mzima mwaka na zaidi, kumbe anayo. Basi macho ya mwindaji hayatoshi.

Chanzo chake si kijidudu, bali ni protini iliyoharibika, ikaayo hasa katika ubongo na uti wa mgongo. Mifupa ikitupwa porini, udongo huihifadhi kwa miaka. Ndiyo sababu majimbo mengi hukataza kuingiza mzoga mzima. Hukubali minofu isiyo na mfupa, ngozi bila kichwa, na pembe zenye kipande cha fuvu kilichosafishwa. Mwindaji hana budi kuuliza amri za kila jimbo, hata lile apitalo njiani tu, na kuchambua nyama kabla ya safari.