Kitale hadi Bungoma kwa Ndege: Piga Hesabu Kabla ya Kukodi

Kwa barabara, kutoka Kitale unapita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu hadi Webuye, kisha unashika barabara kuu ya Malaba mpaka Bungoma. Jumla ni kilomita 80 na ushei. Ndege haina haja ya kuzungukia Webuye, ila itakuokolea kiasi gani?

Hesabu yenyewe ni nyepesi kuliko kwingi duniani, kwa kuwa tuko jirani na ikweta. Digrii moja ina dakika 60, na dakika moja ya latitudo ni maili moja ya bahari, yaani kilomita 1.852. Ulaya dakika ya longitudo imesinyaa. Huku kwetu inakaribia kulingana na ya latitudo. Uwanja wa ndege wa Kitale uko dakika 58 kaskazini ya ikweta, wa Bungoma dakika 35: tofauti ni 23. Kwa longitudo, Kitale ni digrii 34 na dakika 58, Bungoma 34 na 33: tofauti 25. Zidisha kila moja kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili. Unapata maili 34, kama kilomita 63, kuelekea kusini-magharibi. (Simu ikikuandikia 0.97, hizo si dakika 97. Zidisha kwa 60, utarudi kwenye 58.)

Ndege ndogo ya injini moja ikienda maili 120 kwa saa inamaliza safari hiyo kwa dakika 17. Ongeza kama dakika 10 za kupaa na kuzunguka kabla ya kutua. Nusu saa, basi, dhidi ya saa mbili hivi za matatu.

Ila usitarajie ndege ya ratiba kati ya miji hii miwili. Ni ya kukodi, na ikitoka Wilson, Nairobi, italazimika kwanza kuja Kitale, zaidi ya kilomita 300, ikushushe Bungoma, kisha irudi safari nyingine kama hiyo. Karibu kilomita 700 zinarushwa ili wewe usogee 63, na bili huhesabu saa zote hizo. Kwa mtu mmoja mwenye begi moja, huo ni ubadhirifu mtupu: panda matatu, ubadilishe Webuye kama haiendi moja kwa moja. Kukodi kunaanza kuingia akilini mkiwa kundi lenye vituo kadhaa, au ndege ikiwa tayari iko Eldoret.

Ukikodi, ruka asubuhi. Mlima Elgon, wenye mita 4,321, unabaki kuliani mwako, na alasiri mawingu ya radi hujikusanya juu yake. Muulize rubani pia uzito wa mizigo anaoukubali: Kitale iko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyembamba, na ndege iliyojaa huhitaji njia ndefu zaidi ya kurukia.