Pumu Nyumbani: Dawa ya Kuzuia Haiachwi kwa Sababu ya Nafuu

Pumu ni nini
Pumu ni ugonjwa wa muda mrefu ambao mirija ya hewa mapafuni huvimba kwa ndani na kubana, mgonjwa akakohoa hasa usiku, kifua kikalia kama filimbi na pumzi ikawa fupi. Hauambukizi.

Pampu mbili, kazi mbili
Pampu ya kutuliza, yaani salbutamoli, ambayo mara nyingi ni ya buluu, hufungua mirija kwa dakika chache lakini haiondoi uvimbe. Pampu ya kuzuia, kama ile ya beklometasoni, ambayo mara nyingi ni ya kahawia, ndiyo hupunguza uvimbe, nayo huvutwa kila siku kama ilivyoagizwa, hata mgonjwa anapopumua vizuri. Kosa linalojirudia ni kwamba kifua kikitulia, ya kuzuia hufungiwa kabatini, na ya buluu, kwa kuwa nafuu yake huonekana papo hapo, hutegemewa peke yake hadi usiku ambao haitatosha tena. Utulivu huo umeletwa na dawa iliyofungiwa kabatini. Anayehitaji ya buluu zaidi ya mara mbili kwa wiki arudi kliniki, kwani pumu yake haijadhibitiwa.

Kifua kikitulia
Dawa ya kuzuia haiachwi. Hupunguzwa na mtaalamu tu.

Namna ya kuvuta
Pampu hutikiswa, pumzi hutolewa, kisha hubonyezwa mara moja huku mgonjwa akivuta polepole na kwa kina, akaishikilia pumzi kwa sekunde 10. Baada ya dawa ya kuzuia kinywa husukutuliwa na maji yakatemwa, ili kisiote utando mweupe.

Moshi
Mkaa, kuni, sigara, udi, ubani na dawa ya mbu ya kuchoma visiwashwe chumbani mwa mwenye pumu.

Dalili za hatari
Asiyeweza kumaliza sentensi, ambaye mbavu zinabonyea akivuta pumzi, midomo imebadilika rangi au amechanganyikiwa, apelekwe hospitalini mara moja. Asilazwe chali bali akae wima, apewe ya buluu mbonyezo mmoja kila baada ya sekunde 30 hadi 60, mibonyezo yote isizidi 10, huku usafiri ukitafutwa. Asifukizwe wala asichuliwe kifua kwanza, kwa maana muda huo ndio unaopotea. Kifua kinachoacha kulia ghafla ilhali mgonjwa bado anahangaika hakijapona, bali hewa karibu haipiti tena. Pampu zake zote ziende naye, ili daktari aone ni ipi iliyokuwa ikitumika na ipi iliachwa.