Somo la Kudarizi: Mstari Kati ya Sehemu na Sehemu

Kitambaa kikubwa cha meza hudariziwa sehemu kwa sehemu, pengine na wanachama wawili au watatu kwa zamu. Kazi ikiisha, huonekana mstari ulionyooka pale sehemu moja ilipokoma na nyingine ilipoanzia. Mnunuzi huuona kabla hajaliona ua lenyewe, naye hupunguza bei.

Kosa huanza pale mdarizi anapoijaza sehemu yake hadi ukingoni, akaifunga kama ukuta. Mkono wa leo haukazi uzi sawasawa na wa jana, sembuse mkono wa mtu mwingine. Basi ukingo uachwe na meno: safu moja ivuke mpaka kwa misalaba mitatu, ya pili mitano, nyingine ikomee nyuma. Uzi uliobaki usikatwe. Utolewe juu mahali pa msalaba wake unaofuata, usubiri hapo. Tofauti ya mikono haiondoki, ila hutawanyika, jicho lisiipate.

Mguu wa juu wa kila msalaba ulale upande mmoja kitambaa kizima. Hili likivunjwa, meno hayasaidii kitu. Katibu naye anunue nyuzi zote za rangi moja kwa mara moja, kwani rangi ya namba ileile iliyotiwa siku nyingine kiwandani huweza kutofautiana. Fremu ivuliwe kila jioni.